Rispa, Mama wa Gibea

(Hotuba iliyotolewa kwenye kongamano la akina mama wa dayosisi. Imeandikwa kama ilivyosemwa; salamu za itifaki zimefupishwa.)

Bwana Yesu asifiwe! Baba Askofu, wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa, mama mwenyekiti na kamati yako, akina mama mliotoka sharika za mbali mkalala njiani, na akina baba wachache mliojikaza kukaa nasi mpaka saa hizi: wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimepewa mada ya imani ya mama katika Agano la Kale. Mama mwenyekiti aliponipigia simu aliongeza, "Utatufundisha Hana, sivyo?" Nikamwambia nitamgusa. Basi leo nitamgusa, kisha nitamwacha pale Shilo niende Gibea kwa mama mwingine, ambaye kwaya zetu hazijamtungia wimbo. Anaitwa Rispa binti Aya. Wenye Biblia fungueni 2 Samweli 21, muweke kidole hapo, mnisubiri kidogo.

Hana mnamjua. Ni mke wa Elkana wa Rama. Mke mwenzake Penina anamchokoza kila mwaka wanapopanda kwenda kuabudu Shilo, mpaka analia na chakula hakipiti. Mumewe anamgawia nyama mara mbili, kisha anamwambia maneno ambayo wanaume wema huyasema wakiishiwa la kusema: kwani mimi si bora kwako kuliko watoto kumi? Mzee Eli, kuhani, anaona midomo inacheza na sauti haitoki, anadhani mama wa watu kalewa. Hana anamjibu kwa adabu, na wala hajikunji. Anapata mtoto, anamnyonyesha, anamwachisha ziwa, anampeleka akamtumikie Bwana.

Lipo jambo dogo katika sura ya pili, mstari wa 19, ambalo wahubiri hulipita haraka. Kila mwaka Hana alimshonea Samweli kanzu ndogo, akamchukulia walipopanda kutoa dhabihu ya mwaka. Ninyi mnaoshona mnaielewa kazi hiyo. Mtoto anakulia mbali, na mama nyumbani anakadiria: mwaka huu mabega yatakuwa yamefika hapa, mikono imerefuka kiasi hiki, basi niache upindo mkubwa. Anakata nguo ya mwili ambao hana hapa aupime. Walimu wa Kiyahudi walimheshimu sana mama huyu. Katika Talmud, kitabu chao kikubwa cha mafundisho, wanapojadili namna mtu anavyopaswa kusali, midomo itamke na sauti isipazwe, mfano wao ni Hana. Na mpaka leo, siku ya kwanza ya Rosh Hashana, mwaka mpya wa Wayahudi, habari yake husomwa katika masinagogi. Anastahili.

Lakini Hana ana kila kitu tunachokipenda katika ushuhuda. Ana shida, ana maombi, ana nadhiri, ana jibu, na mwishoni ana wimbo wa mistari kumi. Ushuhuda wa hivyo tunaupigia makofi na vigelegele, na anayetoa tunampa kipaza sauti kwa dakika zaidi. Mimi leo namtafuta mama ambaye kipaza sauti hakimfikii. Alimlilia Mungu kwa ajili ya mtoto na mtoto akazikwa. Mama huyo yumo humu ndani. Nimesalimiana naye mlangoni, na si mmoja. Nikimsomea Hana peke yake, nitakuwa nimemwambia kwamba imani ni ya wale waliojibiwa.

Katika Biblia ya Kiebrania, Samweli wa kwanza na wa pili ni kitabu kimoja. Kitabu hicho kinafunguliwa na mama anayeomba mtoto, na kinapokaribia kufungwa tunamkuta mama anayelinda maiti za watoto wake. Kinachowaunganisha ni Samweli mwenyewe: mtoto wa yule wa kwanza ndiye aliyempaka mafuta Sauli awe mfalme wa kwanza wa Israeli, na Sauli ndiye baba wa watoto wa yule wa pili. Aliyekiandika kitabu alijua anachokifanya.

Sasa tuingie kwa Rispa.

Tunakutana naye mara mbili tu. Mara ya kwanza ni 2 Samweli 3. Sauli amekwisha kufa katika mlima wa Gilboa, mwanawe Ishboshethi amekalishwa kwenye kiti cha ufalme, na mwenye nguvu hasa ni Abneri, jemadari. Ishboshethi anamkabili Abneri: kwa nini umeingia kwa suria wa baba yangu? Suria huyo ndiye Rispa. Abneri anawaka, anageuka, anaamua kumpelekea Daudi ufalme. Siasa yote ya taifa inageuka kwa sababu ya jina la mwanamke huyu, na yeye mwenyewe haulizwi. Kama Abneri alifanya jambo hilo au alisingiziwa, hatuambiwi. Kama Rispa alilazimishwa, hatuambiwi. Wanaume wawili wanagombana juu yake kama wanavyogombea kiti, kisha wote wawili wanauawa, na Rispa anapotea kwenye maandiko kwa sura nyingi.

Anarudi sura ya 21. Njaa miaka mitatu, mwaka kwa mwaka. Daudi anautafuta uso wa Bwana, na Bwana anamweleza sababu: ni Sauli na nyumba yake yenye damu, kwa kuwa aliwaua Wagibeoni. Mnawakumbuka Wagibeoni, wale wa Yoshua 9, waliokuja na magunia makuukuu na mikate yenye ukungu wakajifanya wametoka nchi ya mbali? Walidanganya, lakini Israeli waliwaapia kwa jina la Bwana kwamba hawatawaua, na kiapo ni kiapo. Sauli alikivunja. Hilo ni kosa kubwa, na siji hapa kulipunguza. Watu walichinjwa wakiwa chini ya ulinzi wa kiapo.

Hapa naomba msome taratibu. Daudi alimuuliza Mungu sababu ya njaa, akajibiwa. Dawa yake hakumuuliza Mungu. Mstari wa pili na wa tatu inasema aliwaita Wagibeoni akawauliza, niwafanyie nini? Wale wakasema hawataki fedha wala dhahabu. Wanataka watu saba wa uzao wa Sauli wawatundike huko Gibea, mji wa Sauli mwenyewe. Daudi akajibu kwa ufupi kabisa: nitawatoa.

Wapo wanaosoma tofauti na mimi, nami nawaheshimu. Wanasema Hesabu 35 inafundisha kwamba nchi iliyotiwa unajisi kwa damu haitakaswi ila kwa damu. Ni kweli, lakini malizieni mstari: kwa damu ya yeye aliyeimwaga. Aliyeimwaga ni Sauli, na Sauli alikwisha kufa. Kumbukumbu la Torati 24:16 inasema wazi kwamba watoto wasiuawe kwa ajili ya baba zao. Hata walimu wa Talmud walikwama hapa; waliuliza swali hilihili, inakuwaje wana wafe kwa kosa la baba, na inakuwaje maiti ziachwe nje. Kwa hiyo anayeona ugumu katika habari hii asijione kwamba imani yake ni haba.

Daudi akachagua. Alimwacha Mefiboshethi mwana wa Yonathani, yule mlemavu wa miguu, kwa sababu ya kiapo chake na Yonathani, mwana wa Sauli. Akachukua wana wawili wa Rispa, Armoni na Mefiboshethi (huyu ni mwingine, majina yamefanana tu), na wajukuu watano wa Sauli kwa binti yake aliyeolewa na Adrieli Mmeholathi. Saba wakatolewa, wakatundikwa mlimani mbele za Bwana, wakafa pamoja. Andiko linataja msimu: zilikuwa siku za kwanza za mavuno ya shayiri.

Na sitaficha kwamba kifo chao kilimfaa mfalme. Kila mwana wa Sauli aliye hai ni mtu ambaye kesho anaweza kudai kiti. Sura ya 16 inatuonyesha Shimei, mtu wa ukoo wa Sauli, akimrushia Daudi mawe na kumwita mtu wa damu, kwa ajili ya damu ya nyumba ya Sauli. Maneno hayo hayakutoka hewani. Watu walikuwa wakihesabu.

Basi mstari wa kumi. Rispa akatwaa gunia, akajitandikia juu ya mwamba, tangu mwanzo wa mavuno hata maji yalipowamiminikia kutoka mbinguni. Hakuwaacha ndege wa angani kutua juu yao mchana, wala wanyama wa mwituni usiku.

Mstari mmoja tu, na mimi nataka tukae ndani yake.

Gunia la siku zile lilikuwa kitambaa kigumu kilichofumwa kwa manyoya ya mbuzi, kinachochoma ngozi. Aliyefiwa alilivaa, Yakobo alijivika gunia viunoni alipoletewa kanzu ya Yusufu yenye damu. Rispa analitandika. Anayevaa gunia anaweza kutembea nalo mjini, watu wakamwona wakampa pole, kisha akarudi nyumbani. Anayetandika hana safari tena.

Gibea ya Sauli wanaakiolojia wengi wanaiweka pale panapoitwa Tell el-Ful, kilomita kama tano kaskazini mwa Yerusalemu ya kale, kilele chenye mwinuko wa zaidi ya mita 800. Ni mahali pa kuonekana kutoka mbali. Miaka ya 1960 Mfalme Hussein wa Jordan alianza kujenga jumba lake juu ya kilele hicho, vita vya 1967 vikamkatiza, na nguzo zake za zege zikabaki. Wafalme wanapapenda pale kwa sababu panatazamwa na wote, na ndiyo sababu Wagibeoni waliuchagua mji huo: walitaka nyumba ya Sauli iaibishwe nyumbani kwake, mbele ya kila mpita njia.

Shayiri katika nchi ile huvunwa kuanzia mwezi wa nne, wakati wa Pasaka. Baada ya hapo mbingu hufungwa. Kiangazi chao hakina manyunyu ya hapa na pale kama yetu. Mvua ya kwanza huja mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Wapo wafafanuzi wanaosema safari hii mvua iliwahi, kwa kuwa ilikuwa ishara ya njaa kuisha. Inawezekana. Lakini kama ilikuja kwa majira yake, Rispa alikaa pale karibu miezi sita. Jua la mchana juu ya mwamba mtupu, na usiku baridi ya mlimani. Wavunaji wanapita chini na shayiri yao. Baada yao wanapita wenye ngano, baada yao wenye zabibu, baada yao wenye zeituni. Kila mmoja anainua macho anaona miti ile na mwanamke yule.

Na harufu. Naomba radhi kwa kuitaja, maana chai inakuja, lakini wengi humu mmeosha marehemu kwa mikono yenu na mnajua ninachosema. Siku ya kwanza ni mtoto wako, amelala. Siku ya nne uso si ule. Yeye aliendelea kukaa mpaka pakawa hapana uso. Tunajuaje? Daudi alipotuma watu baadaye, andiko linasema walikusanya mifupa.

Na mchana ni tai na kunguru. Kuwafukuza ndege si kazi ya nguvu, ni kazi ya kutosinzia. Mtoto aliyewahi kuamia mpunga anajua: ukikaa kimya kidogo tu, wameshatua. Usiku ni fisi na mbweha, na nchi ile wakati ule ilikuwa na simba na dubu. Aliyetuhakikishia hilo ni Daudi mwenyewe. Alipotaka kwenda kupigana na Goliathi, alimwambia Sauli kwamba alipokuwa mchungaji wa kondoo za baba yake, alipokuja simba au dubu akakamata mwana-kondoo, alimfuata akampokonya kinywani. Hizo ndizo zilizokuwa hati zake za kuombea kazi. Sasa ni mfalme, na kwa amri yake mwanamke asiye na fimbo ya mchungaji wala kombeo analinda wafu dhidi ya wanyama walewale.

Jambo lingine. Watoto wake walikuwa wawili, na waliotundikwa ni saba. Andiko linasema aliwazuia ndege wasitue juu yao, wote. Hakuweka mpaka kati ya wake na wale wajukuu watano. Sijui watano wale mama yao alikuwa wapi, kama alikuwa hai, kama alizuiwa. Ninachokiona ni kwamba mama mmoja aliwabeba.

Sisi tunajua msiba. Tunajua mikeka ikitandikwa, tunajua majirani wakileta sufuria na kuni, wanaume wakiwasha moto nje, wanawake wakilala chini na mfiwa ili asibaki peke yake. Tunakaa matanga, tunaanua matanga, na hata siku arobaini zinapotimia tunarudi. Rispa alikaa matanga ambayo hayakuanuliwa. Hatuambiwi kwamba alikuja mtu kulala naye. Na kwa nini waje? Ni suria wa mfalme aliyeanguka, analilia watu waliouawa kwa amri ya mfalme aliyepo. Kwenda kumpa pole lilikuwa jambo la kuandikwa jina.

Sasa mtaniuliza: imani iko wapi? Hakuna mahali inaposemwa kwamba Rispa aliomba. Ni kweli. Katika Biblia nzima hatusikii neno lake hata moja. Na Waebrania 11, ile orodha ya mashujaa wa imani, haimtaji. Inasema wanawake walipokea wafu wao waliofufuliwa. Rispa hakupokea mfu yeyote. Daudi ametajwa katika orodha ile. Samweli ametajwa, mama yake Hana hakutajwa. Tusiipime imani ya akina mama kwa orodha.

Imani yake mimi naiona mahali alipokaa. Torati, Kumbukumbu 21:22 na 23, inaamuru kwamba aliyetundikwa mtini asilale usiku kucha juu ya mti. Azikwe siku hiyohiyo, nchi isitiwe unajisi. Yoshua aliitii amri hiyo hata kwa maadui. Mfalme wa Ai alishushwa jua lilipokuchwa. Kisha wale wafalme watano wa Waamori waliotundikwa katika Yoshua 10 walishushwa jioni ileile, na kumbukeni vita ile ilikuwa ya kuwatetea nani: Wagibeoni. Adui aliyekuja kuwaangamiza Wagibeoni kwa upanga alishushwa jioni. Wana wa Rispa, ambao andiko halituambii kwamba walimgusa Mgibeoni hata mmoja, waliachwa juu usiku wa kwanza, wa pili, wa mwezi mzima.

Mwanamke yule hakuwa na uwezo wa kuwashusha. Angejaribu, angeuawa, na maiti zingebaki bila mlinzi. Alikuwa na mfano mwingine katika nyumba yake. Sauli mwenyewe, Wafilisti walipoutundika mwili wake katika ukuta wa Bethshani, mashujaa wa Yabeshi-Gileadi walitembea usiku kucha, wakauteremsha, wakaizika mifupa. Wale walikuwa wanaume wenye silaha. Yeye alifanya sehemu ya amri aliyoiweza. Kama serikali haitaki kuzika, basi isipate nafasi ya kusahau kwamba haijazika. Kukaa pale mbele za Bwana, kwenye mlima uleule ambako wanaume walisema wanatundika mbele za Bwana, ni kumwambia Mungu na wanadamu kwamba jambo hili halijaisha. Kama hiyo si sala, sijui sala ni nini.

Mstari wa 11: Daudi akaambiwa alivyofanya Rispa. Nampenda mtu huyu asiye na jina aliyekwenda kumwambia mfalme. Hatujui alikuwa nani. Labda mvunaji, labda askari aliyechoka kuona. Habari kama hizo si rahisi kupeleka ikulu. Huendi kwa mfalme kumwambia, bwana wangu, kuna mjane kule mlimani na kila anayepita anauliza. Lakini alikwenda, na Daudi alisikia. Na nimpe Daudi haki yake, maana nimemsema sana: aliposikia hakumkamata mama yule, hakutuma watu wamwondoe usiku ili barabara isafishwe. Aliondoka mwenyewe akaenda Yabeshi-Gileadi, ng'ambo ya Yordani, akaichukua mifupa ya Sauli na ya Yonathani. Mifupa hiyo ilikuwa huko tangu mwanzo wa utawala wake. Aliwatungia maombolezo mazuri alipopata habari za kifo chao, tunayasoma katika sura ya kwanza, lakini kuwaleta nyumbani hakuwahi kuwaleta. Yonathani, rafiki wa nafsi yake, alilala ugenini miaka yote hiyo mpaka suria mmoja alipomwonyesha mfalme maana ya kutowaacha wafu wako.

Wakakusanya na mifupa ya wale saba waliotundikwa. Iliwezekana kukusanywa kwa sababu haikuwa imetawanywa. Hakuna fisi aliyeondoka na mfupa. Ndiyo kazi ya miezi ile yote. Wakawazika Sauli na Yonathani katika nchi ya Benyamini, huko Sela, katika kaburi la Kishi, baba wa Sauli.

Halafu mstari wa 14 unamalizia: baada ya hayo Mungu aliyasikia maombi kwa ajili ya nchi. Angalieni mpangilio. Mwandishi angeweza kuiweka sentensi hiyo mwisho wa mstari wa tisa, baada ya watu saba kufa; pale ndipo Daudi na Wagibeoni walipoitarajia. Hakuiweka pale. Ameiweka baada ya maziko. Wanaume walidhani nchi itaponywa kwa kuua. Maandiko yanasema Mungu aliitikia watu walipozikwa, na hawangezikwa kama mama mmoja asingetandika gunia.

Wachungaji wetu, nawaomba jambo. Siku ya akina mama ikija mwakani, Hana asomwe, asikose. Ila wiki inayofuata, au hata jioni ileile katika fellowship, someni 2 Samweli 21 kwa sauti, mistari 14 yote, bila kuruka pale panapotisha. Katika ibada zetu tuna maneno mengi kwa mama anayesubiri mtoto na mama aliyempata. Kwa mama aliyempoteza tunasema kazi ya Mungu haina makosa, tunamshika bega, tunakwenda kula pilau. Rispa atawasaidia mahali ambapo maneno yetu yameisha. Na nyie wanakwaya mlioko huko nyuma, nimewasikia mnanong'ona. Wimbo huo tunausubiri.

Mama mwenyekiti ameniletea karatasi yenye swali, nalijibu kisha nikae. Anauliza: wale wajukuu watano walikuwa wa Mikali au wa Merabu, mabinti wa Sauli? Maandiko ya kale yanatofautiana, na tafsiri pia zinatofautiana, mwenzako akisoma Mikali wewe ukasoma Merabu msigombane. Mimi nashika Merabu, kwa sababu mbili. Ya kwanza, 1 Samweli 18:19 inasema aliyeozwa kwa Adrieli Mmeholathi ni Merabu. Ya pili, 2 Samweli 6:23 inasema Mikali hakuzaa mtoto mpaka siku ya kufa kwake. Na ukirudi kwenye sura ile ya 18 mstari wa 17 utaona kwamba Merabu ndiye aliyekuwa ameahidiwa Daudi kwanza. Wakati wa kumpa ulipofika, Sauli akamwoza kwa Adrieli. Kwa hiyo wale vijana watano Daudi aliwatoa wakiwa watoto wa mwanamke ambaye nusura awe mke wake. Kuhusu hilo kuna swali jingine chini ya karatasi, limeandikwa kwa herufi kubwa: "Je, Daudi alilipiza kisasi?" Sina andiko la kulijibu, na sitabuni. Baba Askofu yupo hapa; tumwachie hilo baada ya chai.